Mtepe mezani: jinsi mfano wa chombo unavyohifadhi ufundi uliotoweka

Edmonton, kitongoji cha kaskazini mwa London katika manispaa ya Enfield, kiko mbali na bahari. Maji yaliyo karibu ni ya Mto Lea na mfereji wake, ambako kwa miaka mingi mashua za mizigo zilipeleka mbao kwenye viwanda vya samani vya bonde hilo. Hata hivyo, kwa mkazi wa Edmonton mwenye asili ya pwani ya Afrika Mashariki, meza ya jikoni, kisu kikali na vipande vya mbao nyembamba vinatosha kuanza kuunda chombo cha baharini.

Suala ni chombo kipi kiundwe, na kwa utaratibu upi. Masanduku ya mbao zilizokwisha kukatwa yanayouzwa madukani barani Ulaya mara nyingi ni ya meli za Ulaya, kama vile manowari HMS Victory. Anayetaka kuunda mtepe, chombo mashuhuri cha visiwa vya Lamu na pwani ya Wabajuni, hana budi kuanza na mbao tupu.

Chombo kisicho na msumari

Mtepe ulikuwa chombo cha kushonwa. Mbao zake ziliunganishwa kwa vijiti vya mti na kamba za makumbi ya nazi, pasipo msumari wa chuma. Ufundi huo ni wa kale sana. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki kiitwacho Periplus, cha karne ya kwanza, kinataja mashua za kushonwa katika pwani ya Afrika Mashariki, na kinaeleza kwamba bandari ya Rhapta ilipata jina lake kutokana na mashua hizo. Mwaka 1498, wasafiri wa Vasco da Gama nao waliona huko Msumbiji vyombo vilivyofungwa kwa kamba na kuwa na matanga ya mikeka.

Mitepe ilibeba boriti za mikoko na bidhaa nyingine kati ya bandari za pwani. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ilitoweka, na hakuna hata mmoja wa asili unaojulikana kusalia. Yanayofahamika leo kuhusu umbo lake yametokana na picha za zamani, maelezo ya walioiona, na mifano midogo iliyoundwa kwa mkono.

Mifano hiyo basi si mapambo tu. Mwaka 2003, mtepe wa ukubwa kamili ulipoundwa Zanzibar na kuwekwa katika jengo la Beit al-Ajaib, hapakuwa na chombo cha asili cha kuigwa. Picha, maandishi na mifano ya aina hiyo ndiyo njia iliyobaki ya kuufikia ufundi wa wazee.

Mbavu kwanza au mbao kwanza?

Hapa ndipo mwundaji wa mfano huweza kukosea. Katika utaratibu uliozoeleka Ulaya, mkuku hulazwa kwanza, mataruma, yaani mbavu za chombo, husimamishwa juu yake, kisha mbao hugongomelewa kwa nje. Katika Makumbusho ya Taifa ya Bahari ya Uingereza, yaliyoko Greenwich, imo mifano ya manowari ya tangu karne ya 17 ambayo sehemu ya mbao za nje iliachwa wazi makusudi ili mataruma yaonekane. Kwa mafundi wale, mbavu ndizo zilizoamua umbo la meli.

Kwa chombo cha kushonwa, mambo ni kinyume. Baada ya mkuku, mbao hupindwa na kushonwa moja juu ya nyingine hadi ganda la chombo litimie. Mataruma huja baadaye, nayo hukatwa kufuata umbo ambalo mbao zimekwisha kulifanya. Jicho la fundi ndilo linaloongoza mpindo wa kila ubao.

Kwa hiyo, mtu anaweza kuunda mfano unaofanana kabisa na mtepe kwa nje, ilhali ndani ameunda meli ya Kizungu. Mfano wa namna hiyo huhifadhi sura ya mtepe na kupoteza maarifa yake.

Kipimo na sindano

Uamuzi wa kwanza ni kipimo. Chombo cha mita 20 kikipunguzwa kwa kipimo cha 1 kwa 50 kitakuwa na urefu wa sentimita 40, na kitaenea vizuri kwenye rafu. Lakini kamba yenye unene wa milimita 10 itageuka uzi wa milimita 0.2, ambao ni taabu kuushona. Kwa kipimo cha 1 kwa 20, mfano utafikia mita moja, na uzi utakuwa wa milimita 0.5. Mshono huonekana, na mikono huweza kuufanya.

Mbao ziwe laini na zenye nyuzi zilizonyooka. Hurowekwa katika maji ya moto, hupindwa taratibu, kisha hubanwa mpaka zikauke. Ubao unaolazimishwa kwa haraka hupasuka. Matundu hutobolewa kwa umbali ulio sawa, pembeni mwa kila ubao, na tundu la juu lielekeane na la chini. Uzi hupitishwa na kukazwa, kisha kila tundu huzibwa kwa kijiti chembamba ili mshono usilegee.

Kishawishi kikubwa ni gundi. Tone moja huokoa saa nzima ya kazi, lakini huufanya mwili wa chombo kuwa mgumu. Sifa ya mtepe ilikuwa kunyumbuka: ulipogusa fungu la mchanga au mwamba, mbao zilicheza kidogo pasipo kuvunjika.

Mwisho husimamishwa mlingoti mmoja, na tanga la mraba lililosukwa kama mkeka, tofauti na tanga la pembe tatu la jahazi. Omo ya mtepe ilichongwa kama shingo na kichwa cha ngamia, na kuchorwa macho.

Majina yasipotee

Wabajuni na watu wa Barawa ni miongoni mwa waliokimbia vita vya Somalia baada ya mwaka 1991, na baadhi yao walipata hifadhi Uingereza, ikiwemo kaskazini mwa London. Kwa mtoto aliyezaliwa huko, maneno kama mkuku, taruma, omo na foromali hayasikiki mtaani wala darasani. Huyapata pale anapoambiwa ashike kijiti hiki, au apitishe uzi kwenye ubao ule.

Hata majumba ya makumbusho hayana dhamana ya milele. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya jengo la Beit al-Ajaib iliporomoka na kuua watu. Maarifa yaliyowekwa mahali pamoja yako hatarini, na mfano ulioshonwa sawasawa ni nakala nyingine ya maarifa hayo.

Kazi ikikamilika, chombo kiguswe kwa vidole ubavuni: kikinyumbuka kidogo, kimeshonwa vyema. Na kikiwekwa majini kikavuja, mwundaji asikate tamaa. Mitepe halisi nayo ilivuja, na kufua maji ya ngama ilikuwa kazi ya kila siku ya mabaharia wake.