Laini ya simu ya intaneti: namba ni ya nani?

Katika vijiji vyetu vya Songambele, wilayani Kyerwa, simu imekwishakuwa kiungo cha kila nyumba. Kwa simu mzazi humjulia hali kijana wake aliyeko masomoni Dar es Salaam. Kwa simu mfanyabiashara wa maharage hupatana bei na mteja aliye ng'ambo ya mto Kagera, nchini Uganda. Na kwa simu kamati za misikiti hutangaza mazishi na kuhimiza michango. Mengi ya mazungumzo hayo sasa hupita katika intaneti. Tumeona ni vema tueleze namna familia, duka au taasisi inavyoweza kujiwekea laini ya aina hiyo, na jambo ambalo wengi hulisahau.

Simu ya intaneti hukata sauti kuwa vipande vidogo vya data, ikavisafirisha, kisha vikaunganishwa upande wa pili. Mpigaji halipii umbali bali bando. Mazungumzo ya sauti kwa kawaida hayafikii MB 1 kwa dakika. Ya video hula mara kadhaa zaidi.

Kwa biashara ndogo, njia iliyozoeleka ni WhatsApp Business, programu ya bure iliyotolewa Januari 2018. Tafuta laini ambayo haitumiki katika WhatsApp ya kawaida, kwani namba moja haifungui zote mbili. Pakua programu, ingiza namba ukianza na 255 badala ya sifuri, kisha usubiri tarakimu 6 za uthibitisho, ambazo huja kwa ujumbe au kwa kupigiwa. Baada ya hapo jaza jina la duka, mahali lilipo, saa za kazi na orodha ya bidhaa. Walio karibu na mpaka wazime matumizi ya data nje ya nchi, maana simu inaweza kunasa mnara wa nchi jirani na salio likakatika.

Hayo ni mepesi. Zito ni hili: namba ni ya nani? Tangu mwaka 2019 laini husajiliwa nchini kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Basi laini ya msikiti au duka la ushirika iliyosajiliwa kwa kidole cha kijana mmoja ni laini yake. Akihama, akigombana na wenzake au akifariki, atakayekuwa na laini ndiye atakayepokea zile tarakimu 6, na pamoja nazo wateja wote na wachangiaji wote. Bibi anayetuma shilingi 2,000 za kuezeka msikiti ataona jina lilelile na picha ileile, asijue kwamba mkono umebadilika. Hapo amana hupotea bila mlango kuvunjwa.

Kwa hiyo tunashauri mambo manne. Kwanza, taasisi iliyosajiliwa iandikishe laini kwa jina lake, kwa nyaraka zake na mwakilishi iliyemteua. Pili, iwekwe namba ya siri ya hatua ya pili ndani ya programu, ijulikane kwa viongozi wawili, na makabidhiano yaandikwe katika muhtasari wa kikao. Sisi Waislamu tumeamrishwa katika Surat al-Baqara, aya ya 282, kuandikiana madeni na kuweka mashahidi; amana ya watu wengi inastahiki uangalifu uo huo. Tatu, fedha zisipitie namba ya mtu binafsi, bali Lipa Namba au akaunti ya benki yenye jina la taasisi. Nne, tarakimu za uthibitisho asipewe yeyote anayezipigia simu, hata akijitaja kuwa mtumishi wa kampuni ya simu.

Kila mmoja pia apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na namba ya tapeli aitume kwa ujumbe kwenda 15040. Tena laini ya kawaida isiachwe: WhatsApp haipigi namba ya dharura 112, na bando likiisha usiku wa manane mgonjwa hasubiri.

Tunaziomba kamati, familia na wenye maduka waulizane wiki hii: namba yetu imesajiliwa kwa jina la nani? Jibu liandikwe. Allah atuwafikishe katika kulinda amana.