Akina mama, jueni mnachomeza ili mkonde

Ni jambo la kawaida siku hizi kumsikia mwanamke akisema kwamba anatafuta dawa ya kupunguza mwili. Huenda wewe msomaji ni mmoja wao. Pengine umeambiwa juu ya chai fulani inayouzwa mjini, au vidonge vilivyoletwa na rafiki aliyesafiri, au ile sindano inayozungumzwa kila mahali. Kabla hujatoa pesa zako, ni vyema ufahamu kilichomo ndani ya vitu hivyo, kwa sababu baadhi yavyo vimewahi kuharibu mioyo ya watu.

Unene umeongezeka humu nchini. Uchunguzi wa serikali kuhusu afya ya jamii wa 2008-09 ulionyesha kuwa mwanamke mmoja kati ya kila wanne wa umri wa miaka 15 hadi 49 alikuwa na uzani uliozidi kiasi. Ule wa 2014 ulipata mmoja kati ya kila watatu. Hata hivyo, mwanamke hajui amsikilize nani. Akinenepa baada ya kuolewa, wakwe husema anatunzwa vizuri. Akikonda, majirani hunong'ona, maana bado tunakumbuka miaka ambapo kupungua mwili tu kulitosha mtu kudhaniwa ana Ukimwi. Naye binti yake akitazama picha katika simu anaona viuno vyembamba kama vya nyigu. Kati ya hao wote, sioni hata mmoja anayeuliza kama shinikizo la damu limepanda.

Daktari huanza na hesabu. Chukua urefu wako kwa mita, uuzidishe kwa wenyewe, kisha ugawanye kilo zako kwa jibu hilo. Mama mwenye kilo 78 na urefu wa mita 1.60 atapata takriban 30. Kuanzia 25 uzani umezidi. Kuanzia 30 huo ni unene wa kutibiwa. Lakini hesabu hii haitofautishi mafuta na misuli, kwa hivyo zungusha pia utepe wa fundi wa nguo kiunoni. Ukifika sentimita 80 au zaidi, mafuta ya tumboni yameanza kukuweka karibu na kisukari na maradhi ya moyo.

Jambo la pili ambalo daktari atauliza ni dawa unazotumia tayari. Mama anaweza kula kidogo na bado akanenepa. Sindano ya kupanga uzazi ya kila miezi mitatu huongeza uzani kwa baadhi ya wanawake. Vivyo hivyo insulini, na dawa kadha za maradhi ya akili. Hata dolutegraviri, inayotumiwa na wengi wanaoishi na virusi vya Ukimwi, imeonekana kunenepesha, hasa wanawake Waafrika. Tafadhali usiache dawa hizi kwa hiari yako. Kuacha dawa za virusi kwa ajili ya kilo tano ni kujitafutia kifo. Mweleze daktari, naye ataona la kufanya.

Sasa tuje kwa hizo chai na vidonge vya "miti shamba". Katika miaka ya tisini madaktari wa Marekani waliwapa watu wengi fenfluramini ili wakonde. Mnamo 1997 iliondolewa madukani baada ya kugunduliwa kwamba inaharibu vali za moyo. Ikaja sibutramini, nayo ikaondolewa Ulaya na Marekani mwaka wa 2010 kwa kuwa iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Ungedhani yameisha. Lakini wakaguzi wa dawa katika nchi mbalimbali wamekuwa wakiipata sibutramini hiyo hiyo, imefichwa ndani ya vidonge, kahawa na chai ambazo pakiti zake zinadai kuwa ni majani matupu. Ukinywa "majani" na moyo ukaanza kwenda mbio, mdomo ukakauka na usingizi ukapotea, acha mara moja. Hayo si majani.

Sindano mpya ni kitu kingine, na ni kweli inafanya kazi. Semaglutidi, inayouzwa kwa majina ya Ozempic na Wegovy, ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya kisukari. Inaiga homoni ambayo utumbo hutoa baada ya chakula: inauambia ubongo kwamba umeshiba, na inachelewesha chakula tumboni. Marekani iliidhinisha itumiwe kwa unene mwaka wa 2021. Katika majaribio ya watu 1,961 waliodungwa kila wiki kwa wiki 68, waliopata dawa yenyewe walipungua kwa wastani wa kilo 15 katika kila kilo 100. Waliodungwa maji yasiyo na dawa walipungua kama kilo mbili.

Wanaouza hawasemi kilichofuata. Mwaka mmoja baada ya kuacha sindano, watu hao walikuwa wamerudisha thuluthi mbili za uzani waliopoteza. Dawa hii ni kama ya shinikizo la damu, inafanya kazi wakati unapoitumia. Kwa hivyo uliza bei ya mwaka mzima, si ya mwezi mmoja. Na uinunue kwa cheti cha daktari katika duka la dawa lililosajiliwa, kwani mnamo Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu Ozempic bandia.

Wengi hupata kichefuchefu, kutapika au kufunga choo, hasa mwanzoni. Kama unataka kupata mimba, acha semaglutidi angalau miezi miwili kabla. Dawa nyingine ya jamii hiyo, tirzepatidi, yaweza kudhoofisha tembe za kupanga uzazi, kwa hivyo tumia pia mpira kwa wiki nne unapoanza na kila dozi inapoongezwa. Aliye na jamaa aliyewahi kuugua saratani ya tezi ya shingo amwambie daktari kabla ya kuanza. Na ukishikwa na maumivu makali ya tumbo yasiyoachilia, yanayoenea hadi mgongoni, usidunge tena. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana huenda kongosho limevimba.