Fallingwater

Fallingwater (maana yake "maji yanayoanguka") ni nyumba iliyobuniwa na msanifu majengo Mmarekani Frank Lloyd Wright mwaka 1935. Imejengwa juu ya maporomoko madogo ya kijito cha Bear Run, katika milima yenye msitu kusini-magharibi mwa jimbo la Pennsylvania, Marekani. Inajulikana kama mfano wa nyumba ya kisasa ya zege na vioo inayopatana na mandhari ya vilima vya mashambani.

== Historia ==

Eneo hilo lilikuwa mali ya familia ya Kaufmann, wenye duka kubwa mjini Pittsburgh, takriban km 70 upande wa kaskazini-magharibi. Edgar J. Kaufmann alitaka nyumba ya mapumziko ya mwisho wa wiki. Mwanawe, aliyeitwa pia Edgar, alikuwa amejiunga na wanafunzi wa Wright mwaka 1934.

Familia ilitarajia nyumba ambayo kutoka humo wangetazama maporomoko. Wright aliiweka juu ya maporomoko yenyewe, hivyo wakazi wanayasikia zaidi kuliko wanavyoyaona. Ujenzi ulianza mwaka 1936 na nyumba kuu ilikamilika mwaka 1937. Nyumba ya wageni, iliyoko juu zaidi kwenye mteremko, iliongezwa mwaka 1939.

== Namna nyumba inavyofuata ardhi ==

Kabla ya kuchora, Wright aliomba ramani ya eneo inayoonyesha miinuko, miamba na miti mikubwa. Badala ya kuchimba mteremko ili kupata kiwanja tambarare, alizipandisha sakafu ngazi kwa ngazi, sambamba na matabaka ya miamba yanayoonekana kando ya kijito.

* '''Mawe.''' Kuta za wima zimejengwa kwa mawe ya mchanga yaliyochimbwa karibu na nyumba. Yamepangwa kwa tabaka zisizo sawa, mengine yakijitokeza nje kidogo, kama mwamba wa asili.
* '''Zege.''' Roshani pana za zege lenye nondo zinatokeza juu ya maji. Zimeshikiliwa upande mmoja tu. Upande wa pili hauna nguzo. Rangi yake ni ya udongo wa manjano hafifu, isiyogombana na msitu.
* '''Mwamba ndani ya nyumba.''' Jiwe kubwa ambalo familia ilizoea kupumzika juu yake halikuvunjwa. Limeachwa mahali pake, likawa sehemu ya meko ya sebuleni.
* '''Vioo.''' Baadhi ya vioo vimeingizwa moja kwa moja kwenye ukuta wa mawe bila fremu. Kwa hiyo ukuta unaonekana kuendelea kutoka ndani hadi nje.
* '''Maji na miti.''' Ngazi inashuka kutoka sebuleni hadi kijitoni. Penye njia ya kuingilia, boriti moja ilipindwa ili kuupisha mti uliokuwa umesimama hapo.

== Matatizo ya muundo ==

Uzuri huo ulikuwa na gharama yake. Wahandisi waliotafutwa na Kaufmann waliona kwamba nondo za sakafu kuu hazitoshi, zikaongezwa nyingine, jambo lililomkasirisha Wright. Hata hivyo, mbao za kumwagia zege zilipoondolewa, roshani ilianza kuinama mara moja. Kwa kawaida mbao hizo huinuliwa kidogo upande usio na nguzo ili kufidia kuinama kunakotarajiwa, lakini hapa hilo halikufanyika. Aidha, sehemu ya uzito wa roshani ya juu ilipitia kwenye fremu za madirisha na kuilemea roshani ya chini.

Zege liliendelea kuinama kwa miongo kadhaa na kupata nyufa. Ncha ya roshani ilishuka kwa takriban sm 18. Uchunguzi wa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba muundo ulikuwa hatarini, na mwaka 1997 mihimili ya muda iliwekwa chini yake. Mwaka 2002 nyaya imara za chuma zilipitishwa kando ya boriti za sakafu na kukazwa kwa nguvu, hata kuinama kukazuiliwa bila kubadilisha sura ya nyumba. Roshani haikurudishwa kwenye usawa wake wa awali, kwa sababu kuilazimisha kungeweza kuleta nyufa mpya.

Unyevu nao ni tatizo la kudumu: paa bapa na roshani nyingi zilizo karibu na maji zilivuja tangu mwanzo, na zinahitaji kukarabatiwa mara kwa mara.

== Hifadhi ==

Mwaka 1963 Edgar mdogo aliikabidhi nyumba pamoja na ardhi inayoizunguka kwa Western Pennsylvania Conservancy, shirika la kuhifadhi mazingira. Ilifunguliwa kwa umma mwaka 1964. Mwaka 2019 UNESCO iliiandikisha katika orodha ya Urithi wa Dunia, pamoja na majengo mengine saba ya Wright.