Kompyuta kuukuu: Si kila iliyozimika imekufa

MWAKA 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Leo mambo yamegeuka: kompyuta zilizostaafishwa katika ofisi za nchi tajiri huuzwa kama nguo za mitumba, na zipo zinazofika hata vijijini, mbali na mafundi.

Kwa mkazi wa Msangano, wilayani Momba, mkoani Songwe, mashine inapozimika njia rahisi ni kuifunga kwenye boksi na kuipeleka Tunduma. Lakini nauli na malipo ya fundi huweza kukaribia bei ya mashine yenyewe. Ndiyo maana kuzifungua na kuzifufua, kazi inayoanza kwa kulazimika, huishia kuwa burudani. Bisibisi, brashi laini na kifutio cha mwanafunzi vyatosha kuanzia.

Adui wa kwanza ni vumbi. Feni inayovuta hewa ya kupoza huvuta na vumbi pia. Likijaa, prosesa hupata joto kali na mashine hujizima ili isiungue. Husafishwa kwa brashi, na grisi iliyokauka juu ya prosesa hubadilishwa. Mashine inayolia milio bila kuonyesha picha mara nyingi ina kasoro ya RAM: huchomolewa, meno yake yakasuguliwa kwa kifutio, kisha ikarudishwa.

Kinachowasumbua wengi zaidi ni betri ndogo, bapa kama sarafu, yenye volti 3 na namba CR2032. Ikiisha, kompyuta husahau tarehe kila inapochomolewa kwenye umeme. Tovuti nyingi hujitambulisha kwa hati zenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayodhani bado ni mwaka 2009 huona hati hizo hazijaanza kutumika, ikakataa kufungua kurasa. Mwenyewe hulaumu kampuni ya simu, kumbe kosa liko kwenye betri.

Aidha, si kila kompyuta huitwa kuukuu kwa sababu imeharibika. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10, na Windows 11 haizikubali rasmi kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2017. Mashine hizo bado nzima. Zikiwekewa Linux, ambayo ni ya bure, na diski ya kisasa isiyozunguka, huandika barua na kufungua intaneti bila taabu. Wanaohofia lugha wakumbuke kuwa mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini kwa Kiswahili.

Hata hivyo, skrini nene za zamani, maarufu kama chogo, zisifunguliwe na anayejifunza. Hutunza umeme mkali hata baada ya kuchomolewa, na kioo chake kina madini ya risasi, hivyo kuzivunja na kuzitupa shambani ni hatari.

Halafu kuna diski ya mwenye mali wa zamani. Kufuta mafaili kwa njia ya kawaida hakuyaondoi. Mishahara, picha na barua za watu huweza kurejeshwa. Tangu 2022 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na anayefufua mashine afadhali aifute diski nzima kwa programu maalumu kabla hajaiuza.