Jua linapochelewa: tuwasaidie ndugu zetu walio kwenye baridi



Desemba iliyopita mama mmoja wa kanisa letu hapa Bukavu alikuja kwangu na simu mkononi. Mwanawe, aliyehamishiwa Norway kutoka kambi ya Nakivale, Uganda, alikuwa hapokei simu wala hajibu ujumbe. «Mchungaji, mtoto ametusahau, ao wamemroga.» Tulipompata, kijana alisema: «Mama, sijawasahau. Ninalala sana, lakini naamka nimechoka. Sina hamu ya kuongea na mtu.»

Ni nini hiki? Kwetu, karibu na ikweta, mchana una saa kama 12 mwaka mzima. Mjini Oslo, mwishoni mwa Desemba, jua linatoka baada ya saa tatu asubuhi na kuzama muda mfupi baada ya saa tisa. Kule Tromsø, kaskazini, halionekani kabisa tangu mwisho wa Novemba hadi katikati ya Januari. Mtu anaenda kazini gizani, anarudi gizani.

Nuru inayoingia machoni ndiyo inaambia ubongo saa ya kuamka na saa ya kulala. Ikipungua, watu wengine wanaugua huzuni inayorudi kila majira ya baridi. Daktari Norman Rosenthal na wenzake waliieleza Marekani mwaka 1984. Dalili zake ni usingizi mwingi, tamaa ya vitu vitamu, kukosa furaha na kujitenga. Kwa mkimbizi yanaongezeka mengine: kumbukumbu za vita, upweke, na deni la kutuma pesa nyumbani.

Je, ni upungufu wa imani? Tusome 1 Wafalme 19. Eliya, nabii wa moto, alilala chini ya mti akaomba afe. Mungu hakuanza kwa kumkemea. Malaika alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Safari na maneno vilikuja baadaye. Basi tusikimbilie kusema ni pepo. Tuombe, na pia tumtume kwa daktari. Maombi na dawa havipigani.

Kwa ninyi mlio huko: tokeni nje mchana kila siku, hata kama kuna mawingu, kwa sababu nuru ya nje inashinda taa ya nyumba. Amkeni saa ileile kila siku. Ziko taa maalumu za lux 10,000, ambazo mtu anakaa mbele yake karibu nusu saa asubuhi. Mwulizeni daktari kwanza, hasa mwenye ugonjwa wa macho. Ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi ili kutengeneza vitamini D, ndiyo maana inafaa kuuliza pia juu ya mafuta ya ini la samaki. Hayo ni ya mifupa na mwili. Hayaponyi huzuni peke yake. Pombe inaongeza giza.

Huko Norway daktari wako anafunga siri, na una haki ya mkalimani bila kulipa. Mawazo ya kujiua yakija, usingoje Jumapili: piga 113.

Na sisi tuliobaki? Tusifungue kila simu kwa habari ya karo na kodi ya nyumba. Tuulize kwanza: «Umelala vizuri? Umekula? Umetoka nje leo?» Akinyamaza, tusimhukumu. Tumwombe mkristo wa karibu naye agonge mlango, achukue chakula, atembee naye.

Yule mama sasa anapiga simu kila Jumamosi mchana, wanaomba pamoja, na habari za pesa zinangoja siku nyingine. Kijana alikwenda kwa daktari. Bado baridi inamchosha, lakini simu anapokea.

Malaika wa Eliya alikuja na mkate. Sisi twaweza kuanza na salamu.