JIKO LIPI LINATUFAA?

Mwaka huu siwaletei hadithi ya Sungura na Fisi. Nataka tuzungumze juu ya jiko. Hapa Lodwar kwa wengi wetu karo ya shule na pesa za makaa hutoka katika mfuko mmoja.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Sokoni kuna majiko ya makaa ya aina mbili. Moja ni la bati tupu. La pili lina kiuno chembamba na udongo uliochomwa ndani yake. Hili la pili lilibuniwa nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kuchanganya jiko letu la bati na jiko la ndoo la kutoka Thailand.

La bati ni bei nafuu, ndiyo maana watu hulikimbilia. Lakini keti karibu nalo uone jinsi miguu inavyoungua! Joto hilo mama amelinunua, nalo halikuingia sufuriani. Udongo hulizuia lisipotee ubavuni, na makaa hupungua kwa karibu thuluthi moja, hata zaidi mpishi akiwa mwangalifu.

Tupige hesabu kidogo. Tuseme la bati ni shilingi 300 na la udongo ni 800. Tuseme pia nyumba hutumia makaa ya shilingi 60 kwa siku. Thuluthi ya 60 ni 20. Ile tofauti ya shilingi 500 itarudi kwa siku 25 tu. Baada ya hapo ni faida.

Kuna watakaosema, "Makaa si ya mathenge siku hizi? Acha uchomwe!" Kweli, etirae umetuvamia na miba yake. Lakini panga haichagui, na ewoi pia hukatwa. Ewoi ukienda, mbuzi watakula maganda gani wakati wa kiangazi? Huko Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, wenyeji na wageni wote wanategemea kuni na makaa. Shangazi yangu anayeishi huko husema kuni sasa zinafuatwa mbali, na wanaotumwa ni wasichana wa rika letu. Msichana aliye porini hayuko darasani.

Basi ukitumwa kununua jiko, fanya hivi. Kwanza, chungulia udongo kama una ufa. Pili, litikise, udongo ukicheza ndani, liache. Tatu, hakikisha mlango wake unafunga, kwa sababu chakula kikichemka utaufunga ili moto upungue. Nyumbani, loweka maharagwe usiku kucha na ufunike sufuria.

Walio na stima nao watazame balbu. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa tano kila usiku hula yuniti 9 kwa siku 30. Ya LED ya wati 9, yenye mwanga kama huo, hula yuniti moja na kidogo tu.

Wenzangu, muuzaji hukutajia bei ya siku moja. Muulize jiko litakula nini kila siku, kisha ndipo utoe pesa. Kwa hayo machache, naweka kalamu chini.

Mwanachama, Kidato cha Tatu