Utambuzi wa Masomo na Safari ya Wanafunzi wa Ulaya

Katika karne za kati, mwanafunzi aliyetoka Ujerumani kwenda kusomea sheria Bologna hakulazimika kujifunza lugha mpya ya darasani, kwa kuwa Kilatini ndicho kilichotumika kufundishia kote Ulaya Magharibi. Na katika karne ya 12 Kaisari Frederick Barbarossa alitoa hati iliyowalinda wanafunzi wasafiri na kukataza mgeni kudaiwa madeni ya mtu mwingine wa kwao. Baadaye vyuo vilianza kutoa, kwa mamlaka ya Papa, idhini ya kufundisha popote, ingawa vyuo vyenye fahari kama Paris na Oxford havikuwa tayari sikuzote kuiheshimu idhini iliyotolewa na vingine.

Utaratibu huo ulififia dola za kitaifa zilipovifanya vyuo vikuu kuwa mahali pa kuandaa watumishi, mawakili na madaktari wa nchi zao, na shahada ikawa kibali cha ajira kilicholindwa na kila serikali. Ndiyo maana kikwazo kikubwa cha kubadilishana wanafunzi katika karne ya 20 hakikuwa nauli wala lugha tu, bali utambuzi wa masomo, yaani chuo kimoja kukubali kwamba yaliyosomwa kwingine yana thamani ileile.

Anayestahili kutajwa hapa ni Sofia Corradi, Mwitalia aliyesomea sheria Roma, akaenda Chuo Kikuu cha Columbia, New York, akapata shahada ya uzamili, kisha aliporudi nyumbani akaambiwa kwamba masomo hayo hayahesabiki. Mwaka 1969 aliwasilisha pendekezo kwa wakuu wa vyuo vikuu vya Italia kwamba mwanafunzi aweze kusoma sehemu ya shahada yake ugenini bila kuipoteza, na mwaka 1976 Jumuiya ya Ulaya ilianzisha kwa majaribio programu za pamoja kati ya idara za vyuo vya nchi mbalimbali.

Sheria nayo ililazimika kufuata, maana Mkataba wa Roma wa 1957 ulitaja mafunzo ya ufundi na kazi, si elimu ya juu. Mwaka 1985 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua shauri la mwanafunzi wa Kifaransa aliyekuwa akisomea sanaa ya katuni Liège, Ubelgiji, ambako wageni walitozwa ada ambayo wenyeji hawakutozwa. Mahakama ilisema kwamba masomo yoyote yanayomwandaa mtu kwa kazi fulani ni mafunzo ya kazi, na kwamba ada hiyo ilikuwa ubaguzi. Bila tafsiri hiyo pana, ni vigumu kuona Erasmus, mpango wa Jumuiya ya Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, ungesimama juu ya msingi gani ulipopitishwa Juni 1987, ukaanza na wanafunzi 3,244 kutoka nchi 11.

Kilichoufanya mpango huo udumu ni mfumo wa krediti, yaani vipimo vya mzigo wa kazi ya mwanafunzi, ulioanza kujaribiwa mwaka 1989: mwaka mmoja wa masomo ni krediti 60, na kila krediti ni saa 25 hadi 30 za mihadhara, mazoezi na kujisomea. Kabla ya safari, mwanafunzi, chuo chake na chuo kipokezi hutia saini makubaliano yanayoorodhesha kozi zitakazohesabiwa. Mkataba wa Lisbon wa 1997 uliongeza nguvu kwa kukitaka chuo kinachokataa sifa za mtu ndicho kithibitishe tofauti kubwa iliyopo, na mwaka 1999 nchi 29 zilikubaliana huko Bologna kulinganisha ngazi za shahada zao.

Hata hivyo, ingawa mwanafunzi wa Erasmus halipi ada katika chuo kipokezi, posho yake mara nyingi haitoshelezi kodi ya nyumba na chakula, na watoto wa familia zenye kipato kidogo bado wanasafiri kwa uchache kuliko wenzao. Kasoro hiyo haiondolewi na krediti wala mikataba. Inahitaji fedha, na serikali za Ulaya zinapaswa kuzitoa.